Punda jike aliyeumia: apandwe sasa, au asubiri?

Punda jike akivunjika au akikatika kano, akashindwa kuvuta mkokoteni, haupiti muda mrefu kabla mwenyewe hajaniuliza: "Daktari, kwa kuwa hana kazi sasa, si apandwe na dume atuzalie?" Naulizwa hivyo na wachota maji wa Limuru, na wabeba mpunga wa Mwea, na wenye punda wa Lamu ambako vichochoro havipitishi gari. Ni swali la mtu anayefikiri. Biashara ya ngozi imewapunguza punda wetu na bei yao imepanda. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kuipiga marufuku biashara hiyo, lakini punda walioondoka hawarudishwi na tamko. Watarudi kwa kuzaliwa, mmoja mmoja, kwa mimba ya takriban miezi 12. Kwa hiyo kila jike ni mali, hata aliyeumia.

Hata hivyo, ndani ya swali hilo kuna dhana moja ambayo huwa inanisumbua: kwamba mimba ni mapumziko. Mimba ni kazi. Tena mkokoteni hufunguliwa jioni, mimba haifunguliwi.

Tufanye hesabu. Chukua jike wa kilo 150. Mtoto wake atazaliwa na uzito unaokaribia asilimia 10 ya uzito wa mama, yaani kama kilo 15 au zaidi, na juu yake kuna maji na kondo la nyuma. Sehemu kubwa ya mzigo huo huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo jike aliyeumia Januari akapandwa Februari, mguu wake utabeba mzigo mzito zaidi kuanzia Novemba. Wengine hunijibu hapohapo: "Basi si vizuri? Kufikia Novemba si atakuwa amepona?" Huenda. Mfupa ulioungana vizuri unaweza kuwa imara ndani ya miezi sita. Kano iliyochanika huchukua miezi 9 hadi 12, tena kwa jike aliyetembezwa kwa mpango, si aliyeachiwa afukuzane na wenzake. Shida ni kwamba Februari hakuna anayejua mguu huo utapona namna gani, mimi daktari nikiwemo. Ukimpandisha siku hiyo, umeshafanya uamuzi ambao ulipaswa kuusubiri mguu wenyewe useme.

Na sisi tuna nafasi ya kusubiri. Wafugaji wa Ulaya wana haraka yao: huko farasi jike huingia kwenye joto, yaani hali ya kumtaka dume, katika msimu ambao siku zinarefuka, na msimu ukipita ni kungoja mwaka ujao. Karibu na Ikweta mchana haubadiliki sana, na punda jike huweza kurudi kwenye joto mwaka mzima, kila baada ya siku 23 au 24 hivi. Ukiliacha joto la mwezi huu hujapoteza mwaka.

Kuna farasi mmoja wa mbio wa Marekani ambaye huwa namtaja hapa, Personal Ensign. Alivunjika mguu wa nyuma mwaka 1986 akiwa na miaka miwili, madaktari wakauunga kwa skrubu tano. Hakupelekwa kwa dume. Alipumzishwa, akarudi mbioni mwaka 1987, akamaliza 1988 akiwa ameshinda mbio zake zote 13, ndipo akaanza kuzaa. Binti yake My Flag alishinda mbio za Breeders' Cup mwaka 1995, na mjukuu wake Storm Flag Flying akashinda mwaka 2002. Mfugaji wa Mwea hana fedha za upasuaji kama ule, lakini utaratibu wenyewe hauna gharama: mguu uthibitishwe kwanza, mimba ifuate.

Sasa, jeraha liko wapi? Vidonda vya shogi (tandiko la mizigo), sikio lililoraruka, jicho moja lililopotea, ngozi iliyochanwa na waya: haya yakishapona hayamzuii kuzaa, na sitakaa hapo. Nitakaa kwenye nyonga.

Punda akigongwa na gari au akianguka mtaroni, mifupa ya nyonga inaweza kupasuka, naye akachechemea miezi kadhaa kisha akatembea sawasawa. Kwa macho amepona. Lakini mfupa unapojiunga huota kinundu, na kikiotea upande wa ndani huibana njia ya mtoto. Mwenyewe hataona lolote mpaka usiku wa kuzaa. Na kuzaa kwa punda na farasi ni jambo la haraka mno: tangu maji yapasuke hadi mtoto atoke ni kama nusu saa. Mtoto akikwama, hakuna muda wa kutafuta pikapu ya kumpeleka mjini, na vijijini upasuaji wa kumtoa mtoto wa punda ni kama haupo. Unaweza kupoteza wote wawili kabla ya alfajiri. Kwa hiyo jike yeyote aliyewahi kuumia nyonga, hata miaka mitano iliyopita, daktari aingize mkono kupitia njia ya haja kubwa na kuupapasa mduara wa nyonga kabla hajapandwa. Ni uchunguzi wa dakika chache. Njia ikiwa imebanwa, asipandwe kamwe. Hapo huwa sikubali kubembelezwa. Ninasema vivyo hivyo kwa jike aliyetobolewa tumbo na pembe ya ng'ombe au aliyeng'atwa na fisi hadi misuli ya tumbo ikaachia, kwa sababu ukuta huo ndio utakaoubeba uzito wote.

Miguu ya nyuma ina jaribu lake hata kabla ya mimba. Dume la punda halina upole: hukimbiza, huuma shingo, kisha hupanda na uzito wake wote. Jike mwenye goti bovu la nyuma anaweza kuumizwa upya katika dakika hizo. Mshike kwa kamba, uchague siku ambayo yeye mwenyewe anamtaka dume. Dalili utaziona: anatafunatafuna mdomo mtupu, masikio ameyalaza nyuma, shingo ameinyoosha, anakojoa kidogokidogo.

Uuangalie pia mguu wa pili, ule mzima. Barbaro, farasi dume wa Marekani lililoshinda mbio za Kentucky Derby Mei 2006, lilivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baadaye. Mguu ule ulishughulikiwa na mabingwa kwa miezi mingi. Kilicholeta mwisho wake, Januari 2007, ni laminaitisi, yaani uvimbe wa tabaka linaloushika mfupa ndani ya kwato, ulioanzia kwenye mguu wa kushoto uliokuwa umeelemewa. Shika kwato za mguu mzima kwa kiganja. Zikiwa na moto, au anabadilisha mguu kila dakika, huyo bado yuko katikati ya ugonjwa.

Punda huficha maumivu kuliko farasi. Husimama kimya, nasi tunadhani ametulia. Kipimo changu ni hiki: miezi mitatu bila dawa ya maumivu, anatembea juu ya ardhi ngumu bila kuchechemea, analala na kuinuka bila kusaidiwa. Kama bado anahitaji dawa ili asimame, mimba ingoje. Dawa za maumivu zikitumika muda mrefu huharibu tumbo na figo, na deksamethazoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe ambayo wengi hujinunulia dukani, inaweza kuamsha laminaitisi, na mwishoni mwa mimba inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Halafu kuna jambo la punda hasa, ambalo nimeona likiua majike waliokuwa wamenusurika na jeraha. Punda mwenye mimba akikosa kula hata kwa siku mbili tatu, kwa maumivu au kwa huzuni, mwili huyeyusha mafuta yake kwa fujo. Mafuta hufurika kwenye damu, ini na figo hushindwa. Mnene ndiye aliye hatarini zaidi, na jike aliyefungwa miezi minne akilishwa pumba kwa huruma huwa amenenepa. Huzuni nayo si maneno tu: punda hushikamana na mwenzake, na ukimtenga anaweza kuacha kula. Ukimleta kliniki, mlete na rafiki yake. Mpapase mbavu kabla ya kumpandisha. Uzisikie chini ya vidole bila kuziona. Na akiwa na mimba, siku moja ya kukataa chakula inatosha kumwita daktari.

Jiulize pia kwa nini aliumia. Gari lililomgonga halirithiwi. Miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, inayojikwaa yenyewe, hurithiwa, na huyo hafai kuzaa hata akipona kabisa.

Ukiamua apandwe, weka kwenye hesabu miezi 12 ya mimba na 6 ya kunyonyesha: mwaka na nusu ambao mtamlisha huku kazi yake ikiwa ndogo au haipo kabisa. Achanjwe pepopunda mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla ya kuzaa, ili kinga iingie kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, maana mtoto wa punda huzaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama, na lazima ainyonye ndani ya saa 12 za kwanza. Na dume lifungwe mbali tangu siku hiyo ya kuzaa. Mama hurudi kwenye joto ndani ya wiki mbili, na mguu ule uliopona kwa tabu utajikuta na mimba ya pili kabla haujapumzika na ya kwanza.