Mtoto akiumwa na mbwa, asiogope kusema

Nikiwa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, nilifanya fildi kwenye kituo kinachohifadhi mbwa na paka waliotelekezwa, pembezoni mwa mji wa Iringa. Nilitarajia kushika sindano. Nikakabidhiwa watoto wa kambi ya likizo ya Juni, wa miaka 7 hadi 12, waliofika asubuhi na masweta yao na kofia za sufu kwa baridi ile.

Siku ya kwanza hakuna aliyegusa mbwa. Msimamizi wangu aliwakalisha kwenye mikeka mbali na banda, kila mtoto achague mbwa wake amtazame tu. Walinung'unika, kisha wakaanza kuona. Huyu analamba midomo na chakula hakuna. Yule anapiga miayo na si usingizi. Mwingine kageuza kichwa, weupe wa jicho umejitokeza. Hizo ni dalili za mbwa mwenye wasiwasi, na huonekana mapema kabla hajabweka. Mkia ndio unaowapotosha wengi, hata watu wazima: ukisimama wima na kutikisika kidogo huku mwili umekakamaa, huyo hajafurahi. Mwenye furaha hutikisika hadi kiuno.

Tukawafundisha "mti" na "jiwe". Mbwa usiyemjua akikujia, simama kama mti: mikono mwilini, macho chini, kimya. Kukimbia ndiko kunakomfanya akufukuze. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, ufunike shingo na masikio.

Siku ya nne, baada ya uji, mvulana mmoja alinivuta koti. "Dada Dokta, mimi nimeshaumwa." Akapandisha suruali. Kidonda kilikuwa cha Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Nyumbani hakusema kwa sababu alikuwa amemrushia mbwa wa jirani mawe, akaogopa fimbo.

Nilikuwa nimesoma kichaa cha mbwa darasani, lakini siku ile ndipo nilipokielewa. Virusi hupita kwenye neva polepole kutoka jerahani hadi kwenye ubongo, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Muda huo ndio unaoipa chanjo nafasi ya kuokoa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani, takriban 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Basi mtoto anayeficha jeraha anapoteza siku ambazo ni za thamani mno.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ingawa tulikuwa tumechelewa. Nyumbani pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa. Tukampigia mama yake simu, tukaenda naye hospitali, mtoto akaanza chanjo siku hiyohiyo. Mbwa wa jirani alifungwa akaangaliwa siku 10, akabaki mzima.

Mama alipofika neno lake la kwanza lilikuwa, "Ulimfanya nini huyo mbwa?" Mtoto akarudi nyuma yangu. Nikamwambia, "Mama, hilo tuliache kwanza."

Siku hizi nikialikwa shuleni kuzungumzia mbwa, naanza na wazazi waliofika. Nawaomba wawaahidi watoto wao pale pale, kwa sauti: aliyeumwa na mbwa hapigwi.