Tunayoyaogopa Bure na Tusiyoyaogopa: Kutembea kwa Miguu Mabondeni Pemba

Likizo ya mwezi wa nane niliwachukua watoto wa dada yangu, watatu, tukaenda kwa miguu kutoka Konde hadi ufukwe wa Vumawimbi. Njia inapita mashambani, inashuka mabondeni, kisha inakata Msitu wa Ngezi. Ukitoka baada ya chai ya asubuhi na ukawaacha watoto wasimame wanapotaka, adhuhuri mnaiswali ufukweni. Lakini kila aliyesikia tunakwenda alikuwa na neno. Jirani yetu, bi mkubwa ninayemheshimu sana, alisimama mlangoni na kanga yake kichwani: "Mwenda mwituni na watoto? Mwatafuta nini huko?" Nikajifunza kwamba watu wanayo orodha ndefu ya sababu za kutokwenda, na nyingi hazina msingi. Lililo na msingi hakuna aliyelitaja.

"Visiwa hivi ni pwani tu, ndani hamna kitu."

Hili nalisikia kwa wageni, na siku hizi hata kwa vijana wa Chake na Wete ambao wanaijua barabara ya lami peke yake. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na Waarabu hawakukiita Al-Jazira Al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, kwa kukisifia tu. Hakuna kilima kinachozidi sana mita 100, kwa hiyo kupanda kwenyewe ni kwa pumzi chache. Juu ya kilima uko kwenye mikarafuu, majani machanga mekundu-mekundu kama yaliyopakwa hina. Ukishuka kidogo unakuta migomba na mihogo, na chini kabisa bonde la mpunga, majaruba yamekatwa kwa kingo nyembamba ambazo ndizo njia yako. Na hiyo mikarafuu ina historia: kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu.

Unguja mambo ni tofauti kidogo. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo mzuri na vijito. Ukienda mashariki unaingia maweni, na huko mito mingi humezwa na ardhi, maji yakapita chini ya mawe. Anayetaka kutembea kando ya kijito asianzie Paje, pwani ya mashariki.

"Msituni kuna chui."

Pemba haijapata kuwa na chui. Mkondo kati yake na Bara una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kilijitenga zamani mno. Mkondo wa Unguja ni wa kina kidogo. Bahari iliposhuka zama za baridi kali, Unguja iliungana na Bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Nao waliwindwa vikali, hasa miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi, kwa sababu watu waliamini ni chui wa kufugwa na wachawi. Mwaka 2018 kamera ya wapiga filamu ilinasa mnyama anayefanana na chui, na watu wanabishana mpaka leo. Ngezi, mnyama utakayebahatika kumwona ni paa chesi, mdogo kuliko mbuzi, na utamwona mgongo tu akikimbia.

"Kima punju ana sumu."

Jina lenyewe limebeba tuhuma, maana punju ni sumu. Wazee walisema mti anaokula hufa, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Kima huyu ni wa Unguja, makao yake makuu Jozani, ingawa wachache waliletwa Ngezi miaka ya 1970. Hakuna sumu anayoitoa. Tumbo lake limeumbwa kusaga majani, na baadhi ya majani anayoyapenda, ya mwembe na mkungu, ndiyo yenye kemikali zinazosumbua tumbo. Anajitibu kwa kula makaa: anaokota vipande kwenye matanuri ya zamani na kwenye visiki vilivyoungua, akatafuna. Mtazame mkono akishika tawi, utaona vidole vinne tu, gumba hana. Watafiti walipochunguza minazi ya wakulima wa jirani na Jozani, waligundua kwamba kula kwake vidaka, yaani nazi changa, hakupunguzi nazi za mwisho, kwa kuwa mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi.

Kinachomuua kima huyu ni gari. Barabara ya kwenda kusini inapita katikati ya makao yake, na matuta yalipowekwa, vifo vilipungua. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004. Hesabu iliyotolewa 2017 ikaonyesha kima zaidi ya 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Habari njema kama hizo ni chache, nami kila ninapoisimulia nafurahi upya.

"Popo ni mkosi."

Hapa naelewa hofu ilikotoka. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, shetani wa usiku aliyesemwa kuwavamia watu majumbani, ilitikisa Pemba nzima, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakilala nje kwa makundi. Sitaki kumcheka aliyelala nje usiku ule. Lakini popo mkubwa wa Pemba, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na uso kama wa mbwa mdogo, hana uhusiano na lolote kati ya hayo. Anakula matunda, maembe na mashelisheli, na mbegu anazozidondosha njiani ndizo zinazootesha msitu. Hapatikani kokote duniani ila hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji wakaamua kumlinda, kama walivyofanya watu wa Kidike, na kufikia 2007 walihesabiwa zaidi ya 20,000. Mwangalie akining'inia, wala usimguse aliyeanguka chini, maana popo huweza kubeba maradhi.

"Maji yanayotembea ni salama."

Hili ndilo ambalo hakuna aliyenionya.

Bondeni, kabla ya kufika msituni, kijito kinapita chini ya mti, maji meupe, unaona mchanga chini. Watoto walikuwa wameshavua ndara. Nikawazuia, tukachuchumaa ukingoni, nikawaonyesha jani lililolala majini. Chini yake alishikilia konokono mdogo, kahawia, mkubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nilimgeuza kwa kijiti. Konokono huyu ana alama: ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo uko upande wa kushoto. Konokono wengine wengi mdomo uko kulia. Si kila mmoja wa aina hii amebeba vijidudu, lakini ndani ya aina hii ndimo kichocho cha kibofu kinamokulia.

Watu wengi wanadhani kichocho hupatikana kwa kunywa maji machafu. Sivyo: vijidudu hutoka kwa konokono, vikaogelea, vikapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, saa ile ile ambayo watoto wanatoka skuli na kukimbilia mtoni. Konokono hapendi maji ya kasi, lakini kijito kinachokwenda polepole, chenye majani kingoni, kinamtosha kabisa, hata kama maji yake yanang'aa. Mzunguko unakamilika mtu mwenye minyoo ya kichocho anapokojoa majini. Baharini kichocho hiki hakiambukizwi, na maweni ya kusini na mashariki ya Unguja konokono huyu hakai. Kwa hiyo uzuri wa mabonde yetu, maji na majani, ndio unaomlisha na yeye.

Nilipokuwa naeleza dalili, mkubwa wao, mvulana wa miaka kumi na mbili, alinyamaza. Tulipovuka kwa gogo akanishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, mimi nakojoa damu. Tangu mwezi wa Ramadhani." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Wenzake walimwambia ni dalili ya kubaleghe, kila mvulana hupitia.

Damu katika mkojo wa mtoto si kubaleghe. Ikiachwa miaka, huharibu kibofu na figo, na wasichana huumia viungo vya uzazi kimya kimya. Pemba imepigana na kichocho muda mrefu: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko pale Wawi, dawa hugawiwa maskulini, na mabwawa mengine yametiwa dawa ya kuua konokono. Ugonjwa umepungua sana, lakini haujaisha.

Mengine yaliyobaki ni mepesi. Huhitaji buti za gharama: viatu vya kufunika vidole na chupa ya maji vinatosha. Msitu wa hifadhi haukufungwa kwa wenyeji, pita ofisini penye geti la Ngezi, mlipe kiingilio na mpewe wa kuwaongoza. Mwambie awaonyeshe mpapindi, mtende mwembamba unaoota kwa asili Pemba tu. Masika njia za bondeni zinateleza na akina mama wanapandikiza mpunga, basi usikanyage kingo zao mbichi. Kiangazi ndio wakati.

Tulifika Vumawimbi, watoto wakajitupa baharini, na hapo sikuwazuia. Jumatatu nilimpeleka mkubwa kituo cha afya. Walipima mkojo, wakamsimamisha kwenye fito yenye alama, na urefu wake ukasema ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Alikunja uso kwa uchungu wa dawa, akanywa maji, akameza cha pili. Daktari alimwambia dawa haimkingi asiambukizwe tena, na arudi baada ya wiki sita apimwe, maana minyoo michanga huweza kubaki. Alirudi, mkojo safi. Wiki ile ile aliwapeleka wenzake wawili kituoni, yeye akiwa mbele.