Chanjo ya korona na hedhi: maneno ya uani na ukweli wake

Ilikuwa mwisho wa 2021, miezi michache baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani. Tulikuwa uani, Wete, Pemba, tunamenya thomu za biriani ya arusi. Mama mmoja akasema bintiye, aliyeolewa karibuni, tangu achanjwe hajaziona siku zake. Mikono ikasita kumenya. Huyu alichelewa siku tano, yule alitoka damu hadi akabadilisha pedi mara tatu usiku mmoja. Beseni halijajaa, tushafika kwenye "chanjo inafunga kizazi".

"Ni mawazo yenu tu." Naanza na hii kwa sababu hawakuisema watu wa uani. Niliambiwa mimi mwenyewe kwenye kituo kimoja cha afya, na muuguzi hata hakuinua macho. Majaribio ya mwanzo ya chanjo hayakuwauliza wanawake habari za hedhi, kwa hivyo jibu halikuwapo, na badala ya kusema "hatujui" watu wakasema "hakuna".

Januari 2022 ukatoka utafiti wa Marekani, wanawake karibu 4,000 wanaoandika siku zao kwenye programu ya simu. Kwa waliochanjwa, mzunguko ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja. Waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja walichelewa kama siku mbili, na baadhi yao siku nane au zaidi. Baadaye mzunguko ukarudi kama zamani. Oktoba mwaka huo wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya wakashauri hedhi nzito iandikwe miongoni mwa athari zinazoweza kutokea kwa chanjo za Pfizer na Moderna. Basi yule wa pedi tatu hakuwa akizua.

Sababu inayodhaniwa ni kinga. Ubongo ndio unaoamuru yai lipevuke, na mwili ukishughulika kujenga kinga, amri hiyo huweza kukawia. Yai likichelewa, hedhi nayo huchelewa. Homa kali hufanya hivyo hivyo, na msiba pia.

"Inafunga kizazi." Uvumi huu ni mkongwe, kabla ya korona ulivaa nguo ya chanjo ya pepopunda. Wanawake zaidi ya 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto walifuatiliwa, na waliochanjwa walishika mimba sawa na wasiochanjwa. Waliopungukiwa uwezo wa uzazi kwa muda ni wanaume waliougua korona karibuni. Hilo uani halikufika, labda kwa kuwa lawama ya uzazi kwetu ina mlango mmoja.

"Ukikaa na aliyechanjwa, zako nazo huvurugika." Chanjo hizi hazina kirusi hai cha UVIKO-19. Hakuna cha kumwambukiza mtu.

"Siku zikizidi, ni istihadha," yaani damu isiyo ya hedhi, isiyozuia saumu. Hili ndilo lililotusumbua khasa, kwani sisi tunazihesabu siku kwa ajili ya Ramadhani na madeni ya saumu ya kulipa. Kwa madhehebu ya Shafi, damu isiyopita siku 15 ni hedhi. Wa siku sita akifika tisa bado yumo hedhini. Zikipita 15, hapo aulize mwenye elimu, na daktari pia.

Asikawie kumwona daktari aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu. Hiyo ipimwe, achanjwe asichanjwe. Vivyo hivyo pedi ikijaa kila saa kwa saa kadhaa. Na aliye na mume, siku zikichelewa, apime mimba kwanza.

Pale uani, watu wazima kumi na zaidi, hakuna aliyelisema hilo la mwisho. Yule binti wa Wete alikuja kupima wiki mbili baadaye. Mtoto sasa anakwenda chuoni kusoma Kurani, na herufi anazichanganya.