Tarehe zikigongana, si lazima kuwe na siri

Ikiingia Februari simu yangu haipumziki, na ikifika Aprili na Agosti ndiyo balaa zaidi. Wanafunzi wa twisheni, vijana ninaowasomesha kutembeza wageni Mji Mkongwe, mpaka wazee wa baraza ya Jaws Corner, wote wananirushia ile picha ya "leo katika historia": matukio manne matano ya tarehe moja, na chini yake "Mwalimu, hii haiwezi kuwa bahati nasibu!" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Haya ni majibu ya wote, pamoja na makosa mengine ya tarehe ninayoyasikia kila siku.

"Matukio mawili yakiangukia tarehe moja, kuna jambo limefichwa"

Hii ndiyo inayonimaliza. Inayoletwa kuliko zote ni 5 Februari: chama cha Afro-Shirazi (ASP) kuundwa 1957, Azimio la Arusha 1967, CCM kuundwa 1977. Kila baada ya miaka kumi, tarehe ile ile. Kijana akikuletea hii anakutazama kama aliyefumbua fumbo.

Tuanze na 1977. Hiyo ilichaguliwa. TANU ya Nyerere na ASP ya Aboud Jumbe zilipokubaliana kuungana, siku ilikuwa mikononi mwao, wakaiweka ASP inapotimiza miaka 20. Walitaka watu waione hiyo sadfa, sasa wewe unaifichua nini? Ya 1967 ni habari nyingine kabisa. Azimio lilikuwa la TANU, chama cha Bara. Halmashauri Kuu yake ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari, waraka ukatangazwa 5 Februari. Mwendo wa kikao na uchapaji unatosha kuieleza tarehe hiyo, huna haja ya kuipeleka Unguja. Na 1957 Waafrika na Washirazi walikuwa wanajipanga kuingia uchaguzi wa kwanza, ule wa Julai mwaka huo huo. Aliyekuwepo pale hakujua kama kutakuwa na Azimio wala CCM.

Kwa hiyo swali ninalotaka kila mwanafunzi wangu alale nalo na aamke nalo ni hili: siku hii ilichaguliwa, au ilitokea tu? Serikali hupenda kuchagua. Tanganyika ilipata uhuru 9 Disemba 1961, ikawa jamhuri 9 Disemba 1962. Kenya ikafanya vivyo hivyo kwa 12 Disemba, 1963 na 1964. Hapo aliyeshika kalenda anajulikana.

Sasa chukua 27 Agosti, inayopendwa sana na vijana wa utembezaji. Mwaka 1896 Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Sultani hapo Forodhani, na tarehe hiyo hiyo mwaka 1883 mlima wa Krakatau ulilipuka kule Indonesia, mshindo ukasikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, kama kilomita 4,800 katika bahari yetu hii ya Hindi. Nimeshaulizwa kama Waingereza walisubiri "siku ya moto". Hawakusubiri chochote. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki 25 Agosti. Binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri kushika usultani bila ridhaa ya balozi wa Uingereza, akapewa muda wa kutoka mpaka asubuhi ya tarehe 27, hakutoka. Ukitaka kujua kwa nini ni tarehe 27, hesabu kuanzia kifo cha Sultani, usihesabu kuanzia Krakatau. Mlima wenyewe ulikuwa umeanza kutoa moshi tangu Mei.

26 Aprili ni hivyo hivyo: Muungano 1964, ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl 1986. Wahandisi wa Kisovieti walikuwa na jaribio lao la usiku. Sidhani kama kuna mmoja aliyeifikiria Zanzibar.

Na kama maneno hayakutoshi, chukua hesabu. Darasa lenye watoto 23 tu, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa umeshapita nusu. Wakiwa 50, unafika asilimia 97. Jaribuni skuli yoyote ya hapa, watoto hawakosekani. Mwaka una siku 366 kwa wingi wake, historia ina matukio yasiyo na idadi. Cha ajabu kingekuwa tarehe zisigongane. Kwamba kila jambo lina kadari yake, hiyo ni imani yangu pia, lakini mtihani wa historia haukuulizi kadari, unakuuliza sababu.

"Vita vya Khalid vilianza saa tisa"

Mmesoma 9:02 kwenye maandishi ya Kiingereza mkaiacha kama ilivyo. Ni saa 3 na dakika 2 asubuhi. Mgeni ukimwambia alasiri umemharibia siku nzima ya tukio. Urefu wa vita unatajwa kati ya dakika 38 na 45, kutegemea wapi unaanza na wapi unamaliza kuhesabu. Semeni hivyo, msing'ang'anie 38 kwa sababu inapendeza.

"Zanzibar na Kenya zilipata uhuru siku moja"

Hapana. Zanzibar ni 10 Disemba 1963, Kenya 12 Disemba. Siku moja ziliyoshirikiana ni 16 Disemba, zilipoingizwa Umoja wa Mataifa. Ukaribu wa tarehe hizi nao una sababu: Mwambao wa Kenya ulikuwa bado kisheria ni wa Sultani, na suala lake lilikubaliwa Oktoba ule ule kabla bendera ya Kenya haijapanda. Na wale wanaoandika kuwa uhuru ni 12 Januari, hayo ni Mapinduzi, siku 33 baadaye. Mtu ana haki ya kusema ipi ni kubwa kwake. Kuzibadilisha tarehe hana.

"Watumwa waliachiwa huru soko lilipofungwa"

Mkataba wa 5 Juni 1873, wa Sayyid Barghash, ulifunga soko la watumwa na kuzuia kusafirisha watu kwa bahari. Aliyekuwa mtumwa shambani Pemba aliamka kesho yake akiwa mtumwa. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, miaka 24 baadaye, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Ukiwasimamisha wageni Mkunazini, pale soko lilipokuwa, usiishie 1873.

"Mwaka Kogwa una tarehe yake"

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, una siku yake, lakini si katika kalenda ya ukutani. Unafuata mwaka wa Nairuzi, kalenda ya jua ya zamani, wenye siku 365 kamili, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano juu yake, bila siku ya ziada ya mwaka mrefu. Kwa hiyo Makunduchi wanarudi nyuma siku moja kila miaka minne ukilinganisha na Julai yetu. Mwaka wa Hijria nao unarudi siku kama 11 kila mwaka. Basi anayekuambia Maulidi "yaliangukia" tarehe ya tukio fulani, muulize ya mwaka gani, kwa sababu mwaka uliofuata hayakuwepo hapo.

"Muungano ulisainiwa 26 Aprili"

Nyerere na Karume walitia saini hapa Zanzibar tarehe 22. Tarehe 26 ndipo ulipoanza kufanya kazi, baada ya kuridhiwa. Na nchi iliyozaliwa siku hiyo haikuitwa Tanzania. Jina hilo lilikuja 29 Oktoba 1964. Ukiandika "Tanzania ilizaliwa Aprili" kwenye karatasi yangu, nakukata alama.