Kuonja bila kuona chupa: maana yake unapolinganisha wiski za Marekani

Kuonja bila kuona chupa ni kulinganisha wiski mbili au zaidi pasipo mwonjaji kujua glasi ipi ina wiski ipi. Majina hufunuliwa baada ya kila mtu kuandika alichonusa na alichoonja. Shabaha ni kuondoa bei, umri ulioandikwa kwenye lebo na sifa za watu, kibaki kinywaji chenyewe. Chupa ghali ikiwa mbele ya macho, ulimi hutafuta sababu ya kuisifu, na huipata.

Ila kuficha majina peke yake hakutoshi. Wiski mbili zikitofautiana nafaka, umri, pipa na nguvu (yaani asilimia ya alkoholi) kwa mpigo mmoja, utajua umependa ipi lakini hutajua kilichokufanya uipende. Ulinganisho wenye maana hubakiza tofauti moja, au karibu na moja. Hapo wiski za Marekani zinarahisisha kazi, maana sheria imekwisha kufunga mambo mengi.

Chukua burboni, wiski ya Marekani ya mahindi. Ni lazima itengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zake, na inapokenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa, isivuke asilimia 80 ya alkoholi. Huingizwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na ikifika kwenye chupa haipungui asilimia 40. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha, kwa hiyo wekundu wake wote umetoka kwenye pipa. Mbao hizo ndizo zinazoleta harufu za vanila, nazi na karafuu. Hiyo ya karafuu hutokana na eujenoli, kemikali ileile inayotawala mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba. Anayetaka kuizoeza pua aponde karafuu moja, ainuse, apumzike dakika chache, kisha arudi kwenye glasi, ataitambua upesi.

Kwa anayeanza, jozi bora hupatikana kwenye chupa zenye maneno Bottled in Bond. Sheria ya mwaka 1897 inataka wiski hiyo itoke kwenye kiwanda kimoja, itokane na msimu mmoja wa kukeneka, ikae pipani angalau miaka 4 na iuzwe ikiwa na alkoholi asilimia 50 kamili. Evan Williams ya lebo nyeupe na Rittenhouse zote ni za kampuni ya Heaven Hill na zote zina nguvu hiyo, lakini ya kwanza ni burboni ya mahindi na ya pili imeegemea nafaka ya rai (rye). Ukiziweka pamoja, unachokionja zaidi ni nafaka: mahindi huleta utamu mzito, rai huleta ukali wa viungo na ukavu mwishoni. Burboni ya Maker's Mark nayo hutumia ngano badala ya rai, mahindi asilimia 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14, hivyo inafaa kushindanishwa na burboni yenye rai iliyo na alkoholi asilimia 45 kama yenyewe.

Nguvu ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Wiski ya asilimia 50 ikikaa kando ya ile ya 40 itaonekana nzito na yenye ladha nyingi zaidi, hata kama zimetokana na mchanganyiko mmoja wa nafaka. Kwa hiyo soma asilimia kwenye lebo kila mara, kwani jina moja huweza kuuzwa kwa nguvu tofauti katika nchi tofauti. Prufu ya Marekani, kipimo kingine cha nguvu, ni asilimia mara mbili: burboni ya Wild Turkey 101 ina asilimia 50.5, na 81 ina 40.5.

Nguvu husawazishwa kwa maji. Zidisha ujazo ulio nao kwa asilimia yake, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa ujazo wa mwanzo. Kwa mililita 15 za hiyo 101 unazotaka zishuke hadi 40.5: 15 × 50.5 ÷ 40.5 ni 18.7, basi ongeza mililita 3.7. Pima kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, linalouzwa famasi. Tumia maji ya chupa, maana klorini ya bombani husikika puani. Koroga, acha dakika tano. Kama baada ya hapo huwezi kuitenganisha na ile 81, basi ulichokuwa unakipenda kwenye 101 ni nguvu yake.

Ili kujua kama kweli unaweza kutenganisha wiski mbili, tumia jaribio la glasi tatu. Mbili zina wiski moja, ya tatu ina nyingine, na kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Anayebahatisha tu hupatia mara moja katika tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi chochote. Kupatia mara tatu mfululizo kwa bahati ni nafasi 1 katika 27. Hapo una haki ya kuamini pua yako. Mmoja amimine na kuandika namba chini ya glasi, mwingine asiyeona umiminaji azipange upya. Ukiwa peke yako, bandika namba chini, fumba macho, zungusha glasi mpaka upoteze mpangilio. Rangi zikitofautiana sana, punguza mwanga au tumia vikombe visivyopitisha nuru.

Glasi ziwe za umbo moja, zilizobana mdomoni. Glasi ndogo za divai zinatosha. Zisuuze vizuri, kwani mabaki ya sabuni na harufu ya kabati huharibu mengi kuliko watu wanavyodhani. Mililita 15 kwa kila glasi, glasi zisizidi nne. Usizamishe pua ndani: kaa ukingoni, mdomo wazi kidogo, uvute pumzi fupi. Funda la kwanza usilihukumu, linazoeza kinywa na mwako wa alkoholi. La pili lishike sekunde tano hadi kumi, likifika kila upande wa ulimi. Andika kabla ya kusema. Mtu mmoja akitamka neno ndizi, meza nzima itaanza kunusa ndizi.

Makosa mengine ni ya mpangilio. Kitu laini kikifuata kikali huonekana maji, hivyo mzunguko wa pili ugeuze mfuatano. Chupa iliyokaa miezi ikiwa na robo tu haifai kushindanishwa na iliyofunguliwa jana, kwa kuwa hewa imekwisha kuibadili. Pilipili, kahawa na manukato siku hiyo viwekwe mbali. Pua ikichoka, nusa mkono wa shati lako mwenyewe kwa dakika moja. Na kwa kuwa glasi nne za asilimia 45 zina takriban gramu 21 za alkoholi safi, weka kikombe cha kutemea mezani, na asiwepo wa kuendesha gari baadaye.