Je, filamu inaweza kuifikia riwaya nzito?

"Mjomba, wameharibu."

Mpwa wangu alitoa hukumu hiyo hata nusu saa haijapita. Tulikuwa barazani kwa mama, Mikindani, kompyuta tumeiegemeza kwenye ndoo iliyofunikwa, sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, katikati yetu, bado la moto. Tulikuwa tukitazama Vuta N'kuvute, filamu ya mwongozaji Amil Shivji iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021 huko Toronto, Kanada. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Mpwa wangu yuko kidato cha sita, na riwaya hiyo imo kwenye orodha ya vitabu vyao vya Kiswahili. Ameisoma mara tatu. Nakala yake imelegea mgongo, imepigiwa mistari ya buluu na nyekundu, na pembeni mwa kurasa ameandika "dhamira", "ujasiri", "mgogoro", tayari kwa mtihani.

Kilichomuudhi ni mpangilio. Kitabuni, Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa angali mdogo kwa Raza, mwanamume aliyempita umri mbali sana. Raza anamhamishia Mombasa. Binti anachoka, anatoroka, anarudi Unguja, jamaa zake hawamtaki tena, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma. Baada ya yote hayo ndipo anapoingia Denge, kijana wa harakati za kumwondoa Mwingereza. Kwenye filamu, Denge anakutana na Yasmin usiku, binti akiwa ndiyo kwanza yuko njiani kwenda kuozwa.

"Kurasa zote zile za kabla ya Denge zimekwenda wapi?"

Swali zuri, na jibu lake la kwanza ni hesabu. Nilimwambia asome ukurasa mmoja kwa sauti, mwendo wa kawaida, nikatazama saa ya simu. Dakika mbili na ushee. Zidisha kwa kurasa mia mbili na kitu, unapata saa saba na zaidi za kusoma. Filamu ina dakika 92. Watu wa filamu wana kipimo chao cha siku zote: ukurasa mmoja wa skripti, yaani andiko la filamu, ni kama dakika moja ya picha. Kwa hiyo mwandishi wa skripti alikuwa na kurasa tisini hivi, na ukurasa wa skripti una nafasi tupu nyingi kuliko maneno. Hata angekuwa mwaminifu kiasi gani, sehemu kubwa ya kitabu ingebaki nje.

Yupo aliyejaribu kutoacha kitu. Erich von Stroheim, mwongozaji wa Marekani, alichukua riwaya ya Frank Norris iitwayo McTeague akaipiga picha karibu ukurasa kwa ukurasa. Toleo lake la kwanza lilikwenda kama saa nane. Kampuni ikalikatakata hadi saa mbili na kitu, likaonyeshwa mwaka 1924 kwa jina la Greed, na vipande vilivyokatwa vikapotea moja kwa moja. Inaniuma kila nikikumbuka. Lakini hata tungekuwa na zile saa nane zote, sidhani kama tungekuwa na riwaya, kwa sababu tatizo la pili ni kubwa kuliko saa.

Tatizo la pili ni sauti ya msimuliaji. Chukua kiambishi kimoja tu cha Kiswahili, hu-. Tuseme mwandishi ameandika: "Kila jioni huketi dirishani, akawatazama wapitao." Hapo amekupa jioni mia kwa mstari mmoja. Kamera haina hu-. Inachoweza ni kukuonyesha jioni moja, leo hii, binti ameketi. Ikitaka ujue kwamba ni kila jioni, lazima irudie: jioni nyingine, gauni jingine, mwanga mwingine, na kila marudio yanakula dakika ambazo tumeshaona hazitoshi. Vivyo hivyo -ngali-. "Angalijua, asingalikwenda." Maneno mawili yamebeba majuto ya mtu pamoja na maisha mengine ambayo hakuyaishi. Kwenye skrini, jambo likishaonekana, limetokea. Ndiyo maana riwaya inayokaa sana kichwani mwa mhusika, ikisubiri naye, ikijuta naye, ndiyo inayowatoa jasho waongozaji, hata kama matukio yake ni machache. Riwaya ya mapanga na magari yakikimbizana haiwasumbui hivyo.

Sisi wa huku tumewahi kuona dawa ya tatizo hilo bila kujua kwamba ni dawa. Nilipokuwa mdogo, mjini Mtwara, tulikuwa tunaingia kibanda umiza, pazia zito mlangoni, mabenchi ya mbao, joto la kukausha nguo, kutazama filamu za Kichina na za Kihindi zilizotafsiriwa. Yule mtafsiri hakuishia kwenye maneno ya wahusika. Alikuwa anakuambia, "Huyu jamaa anacheka, lakini moyoni ameshajua kwamba kaka yake ndiye muuaji." Alikuwa anamrudisha msimuliaji. Wengi wetu filamu hizo tukizitazama leo bila sauti yake tunaona zimepungukiwa. Kuna waongozaji wanaofanya jambo la namna hiyo kwa kuweka sauti ya msimulizi juu ya picha. Hufaa mara chache, maana masikio yanaambiwa kile ambacho macho yangejionea yenyewe.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni filamu kutafuta kitu chake kitakachofanya kazi ya ile sauti: uso, ukimya, mwanga, wimbo. Hapo Vuta N'kuvute ilinikamata. Kitabu kinaweza kukuambia kwamba mtu aliimba na waliokuwepo wakalegea, lakini hakikupi sauti. Mwajuma wa filamu ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli. Alipofungua kinywa, mama aliacha kumenya. Mng'oko uko mkononi, nusu umemenywa, ganda linaning'inia, kidole bado kina chumvi na pilipili, na macho hayabanduki kwenye kompyuta mpaka wimbo ulipokwisha.

"Huyu haigizi," akasema. "Huyu anaimba."

Mama anasoma msahafu wake kila siku, lakini riwaya hajawahi kushika. Vichochoro vya Unguja kwenye filamu alivitambua kwa kuta zake, maana hata hapa Mikindani tuna nyumba za mawe ya matumbawe za namna hiyo, chokaa imebanduka, milango ya zamani. Kwake yeye hakukuwa na kilichoharibiwa. Alikuwa anapokea hadithi.

Ousmane Sembène wa Senegali angemwelewa. Alikuwa ameshaandika riwaya kadhaa kwa Kifaransa alipoona kwamba wengi wa watu aliokuwa akiwaandikia hawawezi kumsoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, iliyotoka kwenye kisa alichokiandika mwenyewe, na wahusika wake wakazungumza Kiwolofu. Kwa mtu kama huyo, kuuliza kama filamu imekifikia kitabu ni kuuliza nusu ya swali. Lazima uulize pia imewafikia akina nani ambao kitabu hakikuwafikia.

Wengine wameamua kutafuta muda zaidi badala ya kupunguza. Gabriel García Márquez wa Kolombia aliitoa riwaya yake ya Miaka Mia ya Upweke mwaka 1967, akakataa miaka yote kuiuza ili iwe filamu. Amefariki mwaka 2014. Wanawe waliporidhia, ikawa tamthilia ya vipindi, si filamu moja. Vipindi 8 vya kwanza vilitoka Desemba 2024 kwenye Netflix, vimeongewa Kihispania na kupigwa Kolombia kwenyewe. Saa zimepatikana, lugha imepatikana, udongo wenyewe umepatikana. Huo ndio ushindani wa haki ninaoutaka kwa riwaya zetu nzito za Kiswahili, maana tamthilia za vipindi tunazitengeneza kila siku na watazamaji wapo.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu nilimbishia sana usiku ule na baadaye nikaona ana haki kwa jambo moja. Alikosea kudai kurasa zote. Kukata ni lazima, na kubana matukio ya miezi kuwa usiku mmoja ni ufundi unaojulikana: filamu imeyafunga mapenzi na siasa tangu dakika za mwanzo, na kwa dakika 92 fundo hilo linashika. Ila mpangilio wa matukio ni sehemu ya maana. Kitabuni, Yasmin anatoroka ndoa kabla hajamjua Denge. Hakuna kijana wa harakati aliyemfungua macho. Amechoka mwenyewe, ameamua mwenyewe, amepanda chombo mwenyewe akarudi Unguja bila kujua nani atamfungulia mlango. Mwanamume akishakuwepo tangu usiku ule wa kwanza, hata filamu ikimpa Yasmin ushupavu wote, mtazamaji atasema kwamba mapenzi ndiyo yaliyomwinua. Hapo filamu imeacha kitu ambacho ningekipigania mbele ya mwongozaji yeyote, kabla ya nyimbo na kabla ya taa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la juu ni ndiyo, inaweza, na filamu hii inakifikia kitabu chake pale inapoimba na pale inapopita vichochoroni. Haikifikii kwenye ile safari ya peke yake.

Nilimweleza mpwa wangu hivyo. Mama alikuwa amemaliza ming'oko, anakunja mkeka, nikadhani hasikilizi.

"Ina maana alikwishatoroka kabla ya huyu kijana?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Kitabuni ndivyo."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akakunjua mkeka tena, akaketi. "Basi nisomee hizo za mwanzo, mjukuu wangu."

Sasa anamsomea kila baada ya magharibi, kurasa kumi, kumi na mbili, akirukaruka ile mistari yake ya buluu na nyekundu. Jana walikuwa wamefika Mombasa.