Kuuza kwa shoti si kuuza korosho zikiwa maua

Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, neno "shoti" huzagaa huku kwetu kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea. Mnunuzi akitoa bei ya chini mnadani, husemwa kwamba ameshorti korosho. Mkulima aliyechukua fedha za kangomba, yaani malipo ya korosho ambazo bado hazijavunwa, tangu kifuku naye husemwa kwamba ameuza kwa shoti. Kijana anayebonyeza kitufe cha kuuza katika programu ya fedha za kigeni kwenye simu anashorti, na hata mstaafu wa Ligula aliyeuza hisa zake za benki kwa kuona zimepanda kupita kiasi amepachikwa jina hilohilo. Kati ya hao wanne, watatu hawakufanya shoti hata kidogo, na kijana wa simu amefanya jambo la jirani tu, kwa kuwa hajaazima kitu chochote; amewekeana mkataba na kampuni ya programu ile kuhusu tofauti ya bei.

Kuuza kwa shoti ni kuazima hisa za mtu mwingine, kuziuza kwa bei ya leo, na kubaki na wajibu wa kununua baadaye hisa za kampuni ileile kwa idadi ileile ili kumrudishia mwenyewe. Bei ikishuka kati ya siku hizo mbili, tofauti ni faida ya aliyeazima, na ikipanda, tofauti ni hasara yake. Anayefanya hivyo kwa kawaida anaamini kwamba soko limeipa hisa hiyo thamani isiyoistahili. Maana yenyewe haizidi hapo.

Linalosahaulika ni kwamba muuzaji wa shoti anadaiwa kitu, hadaiwi fedha. Aliyekopa shilingi milioni moja anajua kuwa atarudisha milioni moja na riba yake, lakini aliyeazima hisa mia atarudisha hisa mia, ziwe zimefika bei gani siku ya kurudisha. Kiasi cha deni lake kwa fedha hakijui yeye wala aliyemwazima, na kinabadilika kila soko linapofunguliwa.

Hapo ndipo mfano wa kangomba unapopotosha, ingawa kwa mbali unafanana. Mkulima aliyeishiwa chakula mwezi Februari, akapokea fedha na kuahidi magunia mawili ya korosho za msimu ujao, ameuza kitu ambacho bado hakipo. Watu huishia hapo na kusema kwamba hiyo ndiyo shoti, kwa kuwa wote wawili wameuza wasichokuwa nacho mkononi. Lakini mkulima ana mikorosho. Ahadi yake inaning'inia mtini, na msimu ukifika ataikusanya chini ya miti yake mwenyewe. Kilo ikiuzwa shilingi 2,000 au 4,000, yeye atatoa magunia yaleyale mawili. Bei ikipanda ameikosa faida ambayo jirani yake ameipata, na inauma, na mara nyingi ni dhuluma iliyo wazi, lakini hatatoa hata senti mfukoni kwa sababu ya kupanda huko. Muuzaji wa shoti hana mkorosho. Kila shilingi inayoongezeka kwenye bei inatoka kwake.

Ipo siku moja ambayo mkulima wa kangomba huingia kweli katika hali ya shoti, nayo ni siku ambayo ugonjwa wa ubwiri unga umeyachoma maua, salfa ya kuuzuia haikupatikana kwa wakati, na shamba lililotarajiwa kutoa magunia limetoa ndoo. Mdai anakuja mwezi Oktoba na anataka magunia yake, wala hataki kurudishiwa fedha alizotoa kifuku. Mkulima analazimika kununua korosho kwa jirani kwa bei ya siku hiyo ili alipe ahadi aliyoiuza kwa bei ya njaa, na bei ya siku hiyo ni kubwa kwa sababu ubwiri unga haukuchagua shamba lake peke yake. Anayetaka kuelewa shoti na atazame hapo, penye mtu anayelazimika kununua kitu wakati kila mtu anakitafuta.

Tofauti hii ni ya kale kuliko soko lolote la hisa la Afrika. Mwaka 1609 mfanyabiashara Isaac Le Maire na wenzake mjini Amsterdam waliuza, kwa ahadi ya kukabidhi baadaye, hisa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ambazo hawakuwa nazo, wakitumaini kuzinunua kwa bei rahisi kabla siku ya kukabidhi haijafika. Kampuni ililalamika, na mwaka 1610 watawala wa huko wakapiga marufuku uuzaji wa namna hiyo. Ahadi ya Le Maire kwa umbo lake ilikuwa ileile ya mkulima wetu, ila nyuma yake hapakuwa na shamba. Na kwa kuwa tumezungumzia mashamba, niseme pia kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ni kinyume kabisa cha shoti, maana hapo hakiuzwi kitu mnadani mpaka kiwe kimepimwa, kimepangwa daraja na kimelala ghalani.

Sasa tuje kwa anayesema kwamba hisa fulani imepanda bila sababu, kwa hiyo kuishorti ni faida ya wazi. Kuwa na hakika kwamba bei ni kubwa mno hakutoshi, na mfano mzuri ni wa tarehe 2 Machi 2000. Siku hiyo kampuni ya 3Com ya Marekani iliuza kwa umma takriban asilimia 5 ya kampuni yake tanzu ya Palm, na kuahidi kwamba zilizobaki itawagawia wanahisa wake wenyewe baadaye mwaka huo, takriban hisa moja na nusu ya Palm kwa kila hisa moja ya 3Com. Jioni hisa ya Palm ilifunga dola 95.06. Kwa hesabu ya darasa la saba, hisa ya 3Com haikupaswa kuwa chini ya dola 142, hata kama biashara yake nyingine yote isingekuwa na thamani. Ilifunga dola 81.81. Kosa lilikuwa hadharani na magazeti yaliliandika, lakini liliendelea kwa wiki kadhaa, kwa sababu aliyetaka kuishorti Palm alihitaji kwanza kuazima hisa za Palm, na zilizokuwa mikononi mwa umma zilikuwa chache mno. Waliobahatika kuzipata walizilipia ada kubwa. Hisa ambayo kila mtu anaona imezidi bei ndiyo ambayo kila mtu anataka kuiazima, na ada ya kuazima hupanda mpaka inaimeza faida iliyotarajiwa.

Zaidi ya ada hiyo, aliyeazima anawajibika kumlipa mwenye hisa gawio lolote litakalotolewa katika kipindi hicho. Mwenye hisa naye anaweza kuzitaka wakati wowote, na zisipopatikana nyingine za kuazima, inabidi kununua siku hiyohiyo, hata kama ndiyo siku mbaya kuliko zote.

Kisha kuna dhamana. Kwa kanuni za Marekani, anayeshorti hisa mia kwa dola 50 kila moja anapata dola 5,000 za mauzo, lakini haruhusiwi kuondoka nazo. Zinabaki kwa dalali, na yeye anaongeza nusu yake, yaani 2,500, hivyo akaunti inakuwa na 7,500. Baada ya hapo kinachobaki akishatoa deni hakitakiwi kupungua chini ya asilimia 30 ya thamani ya hisa anazodaiwa, na madalali wengi hutaka zaidi. Hisa ikipanda hadi dola 60, deni ni 6,000, kinachobaki ni 1,500, na kinachotakiwa ni 1,800. Bei imepanda kwa moja ya tano tu, na tayari dalali anapiga simu kudai nyongeza. Ikifika dola 80, deni ni 8,000 na fedha zake zote zimekwisha, tena bado anadaiwa 500. Aliyenunua hisa ya dola 50 hawezi kupoteza zaidi ya dola 50, na kadiri anavyokosea ndivyo hisa hiyo inavyokuwa sehemu ndogo ya mali yake. Kwa mwenye shoti mambo ni kinyume: kadiri anavyokosea ndivyo deni linavyovimba, na kupanda kwa bei hakuna kikomo.

Yaliyotokea kwa Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani, mwezi Oktoba 2008 yanajumuisha yote hayo. Dunia ilikuwa kwenye msukosuko wa fedha, mauzo ya magari yalikuwa yakianguka, na wengi waliona kwamba hisa ya kampuni hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo waliishorti kwa wingi. Jumapili ya tarehe 26 Porsche, kampuni nyingine ya magari ya huko, ilitangaza kwamba, kwa kuunganisha hisa na mikataba iliyokuwa nayo, imeshika asilimia 74.1 ya Volkswagen. Jimbo la Lower Saxony lilikuwa na asilimia 20 na zaidi kidogo ambazo haliuzi. Zilizobaki sokoni hazikufika asilimia 6, ilhali zilizokuwa zimeuzwa kwa shoti zilikuwa zaidi ya hizo. Ijumaa hisa ilikuwa karibu euro 210. Jumanne ya tarehe 28 ilipita euro 1,000. Siku zilizofuata ilishuka kwa kasi, na waliosema kwamba ni ghali walithibitika kuwa walisema kweli, ila wengi wao walikuwa wameshanunua kwa kulazimishwa na kutoka.

Ndiyo maana wenye uzoefu wanaotaka kubashiri kushuka kwa bei mara nyingine hununua mkataba unaowapa haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya tarehe fulani. Mkataba huo una gharama yake na una mwisho wake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa sahihi mwezi mmoja baada ya kuisha na asipate kitu, lakini hasara haizidi alicholipa.

Kwa mwekezaji wa kawaida wa Soko la Hisa la Dar es Salaam habari hizi ni za masoko ya mbali, kwa kuwa dalali humwuzia hisa zinazoonekana kwenye akaunti yake. Yule mstaafu wa Ligula basi ameuza mali yake na kulipwa; bei ikiendelea kupanda atajuta kidogo, lakini hapana atakayemtaka aongeze dhamana. Wakulima wa Tandahimba na Newala walipozikataa bei za chini ya shilingi 3,000 mwaka 2018, kabla Serikali haijatangaza kununua kwa 3,300, upande mmoja ulikuwa na korosho na upande wa pili ulikuwa na fedha, na ubishi ulikuwa wa bei. Mnunuzi wa namna hiyo tumlaumu kwa kukandamiza bei, kama amefanya hivyo. Shoti tumwachie aliyeazima.